Mbwa Anapotetemeka: Ni Baridi, Ni Hofu, au Ni Sumu?



Huenda baadhi yenu mkastaajabu kuona safu hii, ambayo imezoea kuzungumzia malezi ya watoto na afya ya nyumbani, mwezi huu ikimzungumzia mbwa. Mtauliza: sisi na mbwa wapi na wapi? Wengi wetu tulilelewa katika miji ya pwani ambako mbwa alikuwa kiumbe wa kupishwa njia, na mtoto aliyeguswa naye alirejeshwa nyumbani akaoshwe kabla hajakanyaga mkeka. Hatukufundishwa tabia zake, wala hatukuona haja ya kuzijua.

Lakini hapa Uingereza hali ni nyingine. Jirani wa kulia ana mbwa, na wa kushoto ana wawili. Watoto wetu husoma na kucheza na wenzao ambao mbwa kwao ni kama mmoja wa jamaa. Na zaidi ya hayo, akina mama na vijana wetu wengi wanafanya kazi ya kutunza wazee majumbani, na mzee wa Kiingereza aliyefiwa na mwenzake mara nyingi hubaki na mbwa wake tu. Ndipo swali likatufikia kutoka kwa msomaji mmoja: "Nikiingia nyumbani kwa bibi ninayemtunza nikamkuta mbwa wake anatetemeka mwili mzima, nifanye nini? Je, ananiogopa, anaumwa, au anataka kuniuma?" Swali ni zuri, na jawabu lake lina manufaa kwa wengi.

Kwanza: haya yanatuhusu?

Kabla ya kuingia katika sababu, tuondoe shaka moja. Wako wanaodhani kwamba kumhurumia mbwa ni jambo lililo mbali na dini yetu. Sivyo. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, tunaelezwa habari za mtu aliyeshikwa na kiu njiani, akashuka kisimani akanywa, na alipotoka akamkuta mbwa anaramba udongo mbichi kwa kiu. Akarudi chini, akajaza maji kiatu chake, akakibana kwa meno huku akipanda, akamnywesha. Mwenyezi Mungu akamsamehe. Masahaba walipouliza kama kuna malipo hata kwa wanyama, Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwajibu kwamba iko thawabu kwa kila chenye uhai. Tena tukumbuke kuwa mbwa wa vijana wa pangoni ametajwa katika Kurani yenyewe, amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini.

Ama suala la twahara, wengi wetu ni wafuasi wa Imamu Shafi, na tunajua kwamba palipoguswa na mate ya mbwa au unyevu wake huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Wenzetu wa madhehebu ya Imamu Malik wao huona mbwa mwenyewe ni twahara. Lakini hata kwetu sisi, kikavu kikigusana na kikavu hakihamishi najisi. Kwa hiyo anayelazimika kumsaidia mbwa aliyelowa avae glavu, awe na taulo kuukuu lililotengwa kwa kazi hiyo, na nguo ya kubadili kabla ya sala. Twahara ina njia yake, na huruma nayo ina njia yake; hazigombani.

Kutetemeka ni nini?

Mwili wa mbwa una joto kuliko wetu. Sisi tuko karibu na digrii 37 za selsiasi. Mbwa mzima mwenye afya huwa kati ya 38.3 na 39.2. Ndiyo maana kila anayemgusa humwona ana moto, na ndiyo maana mkono si kipimo cha homa yake. Wala pua kuwa kavu si ushahidi, ingawa watu wengi husema hivyo. Kipimo cha kweli ni kipimajoto, na hiyo ni kazi ya mwenyewe au daktari wa wanyama.

Joto hilo likianza kushuka, ubongo huamrisha misuli ikaze na kulegea kwa haraka sana. Misuli inafanya kazi bila ya kumpeleka mnyama popote, na kazi hiyo huzaa joto. Hicho ndicho kitapo cha baridi. Lakini misuli hiyohiyo hutikisika pia mnyama anaposhikwa na hofu, anapopata maumivu, au pale sumu inapovuruga mishipa ya fahamu. Kwa hiyo kutetemeka si ugonjwa. Ni ishara, kama moshi ulivyo ishara ya moto. Mwenye busara haupigi feni moshi, hutafuta panapoungua.

Baridi

Sababu iliyo nyepesi ndiyo hii. Mbwa wadogo wenye manyoya mafupi, kama wale waitwao Chihuahua, na mbwa wembamba wa mbio, hupoteza joto upesi. Kadhalika watoto wa mbwa, mbwa wazee, na mbwa yeyote aliyelowa mvua kisha akapigwa na upepo.

La kufanya: aingizwe ndani, akaushwe kwa taulo, afunikwe blanketi, alazwe mbali na mlango unaopitisha upepo. Chupa ya maji moto inafaa iwapo imezungushiwa kitambaa. Asimwagiwe maji ya moto wala asisogezwe mno kwenye hita, kwa maana ngozi iliyokufa ganzi huungua bila mnyama kuhisi. Mbwa aliyeonewa na baridi ya kawaida hutulia baada ya kitambo kidogo. Akiwa amepashwa joto na bado anatetemeka, au akiwa amelegea, anapepesuka, au ghafla ameacha kutetemeka huku mwili ukiwa wa baridi, hapo jambo ni kubwa. Kuacha kutetemeka katika hali hiyo si nafuu. Ni mwili uliochoka kujipigania. Daktari aitwe mara moja.

Hofu

Kila mwaka, tarehe 5 Novemba, Waingereza huadhimisha kushindwa kwa njama ya mwaka 1605 ya kulipua Bunge lao, nao huadhimisha kwa moto na fataki. Usiku huo mbwa wengi wa nchi hii hutetemeka chini ya vitanda. Sikio la mbwa husikia sauti nyembamba ambazo sisi hatuzisikii kabisa, naye hajui kwamba mlipuko ule ni mchezo.

Mbwa mwenye hofu hujulikana. Mkia ameubana katikati ya miguu, masikio ameyalaza nyuma, anajiramba midomo bila ya chakula, anapiga miayo bila ya usingizi, anahema, na weupe wa macho unaonekana. Ishara hizi kila mzazi awafundishe watoto wake, kwani mbwa aliyeogopa ni mwepesi wa kuuma kuliko mbwa aliyekasirika. Kijana mmoja wa jamaa zetu, mwenye miaka tisa, usiku wa fataki alimwona mbwa mdogo amejikunyata nyuma ya mapipa ya taka anatetemeka. Kwa huruma akainama akapeleka mkono. Mbwa hakuwa na pa kukimbilia, akamng'ata. Mtoto alishonwa nyuzi nne. Huruma yake ilikuwa njema, lakini haikuwa na elimu nyuma yake.

Basi kanuni ni hii: asiyekuwa mbwa wako usimwinamie, usimkazie macho, usimzibie njia ya kutokea, wala usimvute kutoka mahali alipojificha. Simama upande, sema kwa sauti ya chini, muachie nafasi. Ikiwa uko nyumbani kwa mwenyewe, funga mapazia, washa redio au televisheni kwa kiasi, muache alale anapopataka. Mbwa atembezwe kabla jua halijatua. Asikemewe wala asipigwe. Wako wanaodhani kwamba kumbembeleza mbwa mwoga kunamzidishia woga. La, hofu si deko. Mwenyewe akikaa karibu naye kwa utulivu, humfaa.

Hapa tuna neno na vijana wetu. Kanuni za fataki za mwaka 2004 zinakataza kuzilipua kuanzia saa tano usiku hadi saa moja asubuhi. Tarehe 5 Novemba muda huongezwa hadi saa sita usiku. Na usiku wa mwaka mpya, wa Diwali na wa mwaka mpya wa Kichina, hadi saa saba. Usiku wa Idi haumo katika orodha hiyo. Tunaomba furaha yetu ya Idi isiwe sababu ya jirani kukesha amemkumbatia mbwa wake, kisha asubuhi tukamtarajia atujibu salamu kwa bashasha.

Sumu

Sehemu hii isomwe kwa makini kuliko zote, hasa na wale wafanyao kazi katika nyumba za watu.

Chokoleti, ambayo kwetu ni kitamu cha kawaida, ina kemikali iitwayo theobromini ambayo mwili wa mbwa huishughulikia polepole mno. Kadiri chokoleti ilivyo nyeusi ndivyo ilivyo hatari. Baada ya saa kadhaa mbwa huanza kuhangaika, kunywa maji mengi, kutapika, moyo kumwenda mbio, kisha kutetemeka, na mwisho hupatwa na degedege. Chingamu na pipi zisizo na sukari mara nyingi hutiwa zailitoli, ambayo hushusha sukari ya damu ya mbwa kwa ghafla na huweza kumharibu ini. Chakula kilichoota ukungu katika pipa la taka huleta mtetemeko mkali. Yale maji yatiwayo katika injini ya gari yasigande wakati wa baridi yana ladha tamu. Mbwa akiyaramba hupepesuka kama mlevi, kisha figo zake hufa. Na dawa za kuulia koa bustanini zenye metaldihaidi, ingawa zilipigwa marufuku kutumika nje hapa Uingereza mwaka 2022, huenda bado ziko katika vibanda vya bustani vya wazee.

Tusisahau na jikoni mwetu. Wapo miongoni mwetu ambao kwa ukarimu humrushia mbwa wa jirani mabaki ya biriani juu ya ua. Vitunguu huharibu damu ya mbwa, zabibu huweza kumuua figo, na mfupa uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha vikamchoma matumbo. Ukarimu wa namna hiyo ni bora uachwe.

Dada yetu mmoja anayemtunza bibi wa miaka themanini na kitu alifika kazini asubuhi moja baada ya Krismasi, akamkuta mbwa anatetemeka na kuhema. Bibi akasema, "Ana baridi, maskini, mfunike." Dada yetu hakubishana naye, alimfunika. Lakini akatazama sakafuni, akaona karatasi za sanduku la chokoleti zimetapakaa nyuma ya kiti. Akampigia simu mwana wa yule bibi, naye akampigia daktari wa wanyama, wakaulizwa mambo manne: mbwa ana uzito gani, amekula nini, kiasi gani, na lini. Karatasi zile zikatoa majibu matatu kati ya manne. Mbwa alilazwa siku mbili akapona. Bibi yule, ambaye kwa miezi mingi hakuwa akimwita dada yetu ila kwa kumwashiria mkono, tangu siku hiyo humwita kwa jina lake.

Somo ni kwamba tazama sakafu kabla hujatazama mbwa. Ukishuku sumu, usingoje dalili zizidi. Usimtapishe kwa maji ya chumvi, kwani chumvi yenyewe huua. Usimpe parasetamoli wala dawa yoyote ya binadamu. Kinachotuliza kichwa chako kinaweza kumuua yeye. Piga simu, na uwe na karatasi au chupa mkononi.

Maumivu, maradhi na uzee

Mbwa mwenye maumivu ya tumbo au mgongo hutetemeka, akakunja mgongo, akakataa chakula au akanung'unika anapoinuliwa. Mwenye homa naye hutetemeka kama sisi. Mbwa mzee hutikisika miguu ya nyuma kwa udhaifu wa misuli na maumivu ya viungo. Asikatiwe tamaa kwa kusemwa "ni uzee tu", kwani maumivu yana dawa. Mbwa jike anyonyeshaye, hasa mdogo wa umbo, huweza kupungukiwa na madini ya kalsiamu wiki chache baada ya kuzaa. Akianza kutetemeka na kukakamaa, ni dharura ya saa hiyohiyo. Na vitoto vya mbwa wadogo vikikosa chakula hupungukiwa na sukari. Asali kidogo ikipakwa kwenye ufizi, iwapo kitoto kina fahamu, husaidia wakati wa kumkimbiza kwa daktari.

Lazima pia tutofautishe kitapo na degedege. Mwite mbwa kwa jina lake. Anayetetemeka atakutazama au atageuza sikio. Mwenye degedege hasikii. Ameanguka ubavuni, miguu inapiga kama anayeogelea, pengine anatokwa na mate au mkojo. Huyo usimshike wala usimtie mkono kinywani. Ondoa viti vilivyo karibu, punguza mwanga, tazama saa. Ikipita dakika tano, au ikija tena na tena, ni dharura. Ama yule anayetikisika kidogo usingizini, huyo anaota. Muache na ndoto zake.

Mbwa asiye na mwenyewe

Ukimkuta mbwa anatetemeka barabarani peke yake, sheria ya mwaka 1990 inamtaka aliyemchukua amrejeshe kwa mwenyewe au aiarifu kaunsili. Kila kaunsili ina afisa wa shughuli hiyo. Tangu mwaka 2016 mbwa wote hapa lazima wawe na kidude cha utambulisho chini ya ngozi, na daktari wa wanyama anaweza kukisoma na kumjua mwenyewe. Akiwa ameumia, kipo chama cha RSPCA, kilichoundwa London mwaka 1824, ambacho hupokea taarifa za Uingereza na Wales. Na kwa sheria ya mwaka 2006, mwenye mbwa anawajibika kumkinga na maumivu na maradhi. Anayemwacha nje akitetemeka usiku kucha ana la kujibu. Lakini kabla ya kumshtaki jirani, mbishie hodi kwanza.

Tunapokwenda nyumbani

Tumeiacha nasaha iliyo nzito kuliko zote mpaka mwisho ili ibaki akilini. Watoto wetu waliozaliwa hapa wamezoea mbwa wapole, waliochanjwa, katika nchi ambayo mbwa wake hawana kichaa. Likizo ikifika tunawapeleka Mombasa, Tanga, Dar es Salaam. Pale wanamwona mbwa koko anatetemeka kando ya njia, anapepesuka, mate yanamtoka, nao wanamwendea kama walivyozoea kumwendea mbwa wa rafiki yao. Mbwa huyo pengine hana baridi wala hofu. Ana kichaa cha mbwa.

Shirika la Afya Duniani linakisia kuwa ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na karibu wote kwa kuumwa na mbwa. Kati ya kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, wanne ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikishamtokea mtu, hakuna tiba. Lakini kabla hazijatokea, kinga ipo na ni madhubuti. Pasteur aliitumia chanjo yake kwa mtoto aliyeumwa tangu mwaka 1885.

Kwa hiyo mtoto akiumwa, akikwaruzwa, au kidonda chake kikirambwa na mbwa asiyejulikana, pale pale oshea kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo akapate chanjo. Usitangulize mganga, usipake majivu, usingoje kuona kama mbwa atakufa. Sumu ya ugonjwa huu hukaa mwilini wiki au miezi kabla ya kujitokeza. Hivyo hata kama mmekwisha rudi Uingereza, bado mwambieni daktari. Na mwambieni mtoto kabla ya safari kwamba hatakaripiwa akisema ameguswa na mbwa. Mtoto anayeogopa kusutwa kwa najisi ataficha jino la mbwa, na siri hiyo yaweza kumgharimu uhai. Hili, wazee wenzetu, liko mikononi mwetu.

Dalili ya mvua ni mawingu. Mbwa hana ulimi wa kutueleza. Ana mwili wake tu, nao ukitetemeka unasema jambo. Tukate haya tuliyoyaandika tuyabandike jikoni, na anayefanya kazi nyumbani kwa watu aiweke namba ya daktari wa wanyama wa nyumba hiyo pamoja na namba nyingine za dharura.

Mwezi ujao, Mwenyezi Mungu akitujaalia, tutaeleza namna ya kuyatayarisha masanduku ya dawa na chanjo za watoto kabla ya safari ya nyumbani. Wabillahi taufiq.